Nisivimbe Tumbo

Asubuhi ya mhadhara, binti yangu Hasniar alipiga pasi blauzi ambayo mimi nilikwisha kuipiga jana yake. Akaivaa, akajitazama, akaivua, akaipiga tena. Pangaboi lilikuwa linazunguka juu yetu na bado jasho lilimtoka. Ilikuwa Novemba, mwezi ambao hapa Darwin, kaskazini mwa Australia, mawingu yanajaa kila mchana, yananguruma, halafu yanaondoka zake bila kunyesha, na watu wanagombana kwa sababu ya kijiko.

"Hasni, acha hiyo pasi, utaichoma nguo."

"Mama, niache."

Nikamwacha. Nikaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Siku ile chuo kilikuwa kinamtazama. Walitaka mwalimu wa historia ya Asia ya zamani, ile ya wafalme na bandari na mizinga ya kwanza, na walimtaka wa kudumu. Neno hilo, kudumu, nimelijua kwa Kiingereza kabla sijajua kuomba chumvi. Maana maisha yote ya usomi ya binti yangu yamekuwa ya mkataba. Alisomea kwetu Makassar, Indonesia, akaenda Uholanzi kuchukua udaktari, kisha mkataba Singapore, mkataba Japani, mkataba hapa. Kila mkataba ukiisha tunafunga mizigo. Nilianza kumfuata baada ya mume wangu kufariki, kwa sababu Hasniar hakuwa na mtu wa kumpikia na mimi sikuwa na mtu wa kupikia. Wajukuu zangu wako Makassar kwa kaka yake. Huwa nawaona kwenye simu, wanakua pua kwanza.

Asipoipata kazi hii, palikuwa na mkataba mwingine Ujerumani, kwenye mji wa theluji. Mimi hapa nimeshapata mahali pangu. Siku ya Alhamisi nauza barongko kwenye soko la ufukweni, ndizi iliyopondwa na tui na mayai, ikapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Meza ya pili ni ya Bi Huynh, Mvietnamu, anauza mchicha wa maji na kunicheka Kiingereza changu, na mimi nacheka chake. Ukwaju wa supu naokota mwenyewe, kwenye mikwaju iliyopandwa na watu wetu zamani walipokuja huku kuvua majongoo ya baharini. Sasa nianze tena kujifunza basi gani linakwenda wapi? Nililitaka neno lile la kudumu kuliko hata yeye alivyolitaka.

Na juu ya hayo yote, shemeji yangu alikuwa amekuja kututembelea.

Shemeji yangu Daeng Sikki ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Ni mtu wa ukoo wa wafalme wa Bontorea, ufalme wetu mdogo ambao leo umebaki makaburi na kisima, lakini ukikaa naye utadhani mfalme ametoka kidogo tu kwenda msalani. Asubuhi ile alitoka chumbani amejifunga shuka lake la hariri na kofia ya kufumwa yenye uzi wa dhahabu.

"Shemeji, unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwenye mhadhara."

"Mhadhara ni wa Kiingereza."

"Najua. Nitasikiliza majina."

"Majina gani?"

"Ya babu zangu! Si anawasema babu zangu mbele ya wageni? Basi angalau mtu wa kwao awepo."

Hasniar alitoa kichwa mlangoni. "Baba Mkubwa, utachoka. Kiti ni kigumu."

"Mimi nimekaa kwenye farasi."

"Lini?"

"Si kazi yako."

Kwenye gari Hasniar alimwomba jambo moja tu, kwamba akisinzia asikorome. Daeng Sikki akasema yeye hajawahi kukoroma, aulizwe mke wake. Hasniar akasema mke wake amehamia chumba cha pili tangu mwaka juzi, Makassar nzima inajua. Tukacheka. Lakini niliona vidole vyake vinagonga usukani hata taa ilipokuwa ya kijani.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwetu mfalme alikuwa na jina la mwili, lile alilopewa alipozaliwa, na hilo halitamkwi ovyo. Akishakufa anaitwa kwa mahali alipofia. Mmoja wao, atakayetajwa ukumbini siku ile, tunamwita Aliyelala Bustanini. Ikibidi kulitaja jina la mwili, unatanguliza radhi, unasema "nisivimbe tumbo", kisha unalitaja haraka. Usipoomba radhi tumbo linajaa maji kama ngoma. Mimi hilo jina sitaliandika hapa, wala hamna haja nalo.

Sasa hoja ya Hasniar naijua kwa moyo, kwa sababu aliifanyia mazoezi jikoni mwangu. Alikuwa analinganisha nchi kadhaa za enzi moja. Japani, anasema, jina la mkubwa liliogopwa. Vietnam pia, mabwana wa kusini walikuwa na jina ambalo watu hawakuthubutu kulitamka, wakalipinda, na ndiyo maana Bi Huynh wa sokoni anaitwa Huynh, wakati kaskazini ukoo huohuo wanasema Hoang. Lakini Bontorea, anasema, kitabu cha zamani cha wafalme kinawataja wote kwa jina la mwili, wazi, bila kuomba radhi, kama unavyomwita muuza samaki. Maana yake mfalme wetu alikuwa mfanyabiashara mwenye taji, watu hawakumwogopa, na ndiyo sababu bandari yake ilikuwa wazi kwa kila taifa. Hoja hiyo ndiyo iliyomtembeza dunia. Ndiyo sura kubwa ya kitabu chake, na kitabu kilikuwa tayari kwa mchapaji, na kazi ya kudumu ilikuwa inaning'inia kwenye kitabu hicho.

Nilimwuliza mara moja, nikiwa nakuna nazi, "Mbona sisi tunaomba radhi?"

"Hiyo ni desturi ya baadaye, Mama. Kwenye kitabu cha zamani haimo."

Mimi niliacha shule darasa la nne. Yeye ndiye aliyekinakili kitabu kile kule Uholanzi, ukurasa kwa ukurasa, kwa herufi zetu za zamani ambazo siku hizi wanaozisoma unaweza kuwakaribisha wote kwa mkeka mmoja.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine hadi nikajifunika mtandio. Daeng Sikki akaenda moja kwa moja safu ya mbele. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Rafferty, mzee mrefu mwenye nyusi kama miswaki, mtaalamu wa biashara ya China. Alimkaribisha Hasniar kwa maneno mazuri na akakaa na kalamu yake.

Binti yangu alianza vizuri. Sauti yake haikutetemeka. Akasema Japani, akasema Vietnam, watu wakaandika. Kisha akafika kwetu, akalitaja jina la mwili la mfalme wa kwanza.

"Nisivimbe tumbo!" akasema Daeng Sikki kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayemwita mbuzi.

Watu waligeuka. Hasniar akatabasamu kidogo, akaendelea. Akamtaja mfalme wa pili.

"Nisivimbe tumbo!"

Nyuma yangu msichana mmoja alizuia kicheko kwa daftari. Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Nikainama mbele, nikamnong'oneza, "Shemeji, nyamaza, unamharibia!"

"Nimharibie nini? Yeye anataja, mimi namwombea. Unataka avimbe mbele ya kamati?"

Profesa Rafferty aliinuka nusu. "Daktari, ungependa tumsogeze huyu mzee? Kuna viti vizuri nyuma."

"Hapana," Hasniar akasema. "Ni baba yangu mkubwa. Mwacheni."

Halafu akafika mahali ambapo hunukuu kitabu chenyewe, kwa lugha yetu, ili wageni wasikie kinavyosikika. Nilishamsikia akiisoma sentensi hiyo jikoni mara nyingi. Inasema: mfalme huyu, aliyelala bustanini, jina lake la mwili ni fulani. Akasoma, "Mfalme huyu, aliyelala bustanini, jina lake la mwili," akavuta pumzi, na ndani ya ile pumzi Daeng Sikki akaingiza, "nisivimbe tumbo," kisha Hasniar akalitaja jina.

Na sentensi ikakaa. Sijui kusema vingine. Ilikaa kama mlango unavyokaa kwenye fremu yake. Jikoni siku zote ilikuwa na kigugumizi mahali pale, na mimi nilidhani ni mapafu ya mwanangu.

Hasniar aliacha kusoma. Alichukua glasi ya maji, hakunywa, akairudisha. Alimtazama baba yake mkubwa kama mtu aliyeitwa kwa jina barabarani na hajui nani kaita. Rafferty akakohoa. Ndipo akaendelea, akamaliza maneno yote yaliyobaki, lakini aliyasema kama mtu anayesoma maandishi ya mwenzake.

Wakapiga makofi mengi. Daeng Sikki akasimama, akainamisha kichwa pande zote, akijua yake ni mengi zaidi. Profesa Rafferty alinishika mkono mlangoni, akaniambia polepole ili nielewe, "Mama, nadhani utakaa Darwin." Alijialika Jumapili kula supu yangu, ambayo alikuwa amesikia sifa zake. Nilirudi nyumbani nikipanga mahali pa kupanda pilipili.

Hasniar hakubadili hata nguo. Alifungua kompyuta kwenye meza ya kulia, akatoa picha za kurasa za kile kitabu. Akaanza kuangalia, ukurasa hadi ukurasa, midomo ikicheza. Nikamwekea chai. Ikapoa. Nikamwekea nyingine.

"Kula kitu."

"Mama, njoo uone."

"Nione nini, sijui kusoma hizo."

"Hapa." Kidole chake kiligusa alama chache, ndogo, zilizobanwa kabla ya jina. "Na hapa. Na hapa pia. Kila mfalme. Imeandikwa."

"Imeandikwa nini?"

"Nisivimbe tumbo."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Niliruka, Mama. Nilipokuwa nanakili, niliruka kila mahali. Unajua kwa nini? Bibi alikuwa akiisema, Baba alikuwa akiisema, wewe unaisema. Sikioni mwangu haikuwa neno. Ilikuwa kama mtu kusafisha koo. Mholanzi angeiandika. Asingejua ni nini, angeumiza kichwa, lakini angeiandika. Mimi mtoto wa nyumbani ndiye niliyeipita."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo waliwaogopa. Kama Vietnam. Kama Japani. Labda zaidi. Sura nzima imeanguka, na hiyo ndiyo inayobeba nyingine."

Daeng Sikki alikuwa kwenye kochi, anapunga upepo kwa gazeti. "Niliwaambia mnanihitaji pale," akasema. Hakuwa ameelewa kitu.

Nikasema, "Hao wanaosoma herufi hizi, kuna aliyewahi kulinganisha picha na uliyonakili?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi nini, Mama?"

"Basi tia saini kwanza."

Aliniangalia. Sikuondoa macho. Nilimaanisha. Mtu amezunguka nchi nne na masanduku, amefundisha watoto wa watu hadi koo limekauka, amepitisha miaka ya kuolewa akisubiri barua za vyuo. Akifika mlangoni arudi kwa sababu ya tumbo la mfalme aliyekufa?

Siku zile mbili mpaka Jumapili hapakulalika wala hapakukalika. Hasniar aliamka, akakaa, akatoka nje hadi kwenye uzio, akarudi. Mimi nilisafisha jokofu. Mawingu yalikuja, yakatupigia kelele, yakaondoka. Daeng Sikki peke yake ndiye aliyekula vizuri.

Jumapili Profesa Rafferty alifika na chupa ya maji ya zabibu, maana alikuwa ameambiwa hatunywi pombe, na akakaa mbele ya bakuli la coto, supu yetu ya nyama na maini yenye karanga za kusaga, na vifuko vya wali vilivyopikwa ndani ya majani. Akala. Akaongezewa. Akajipangusa nyusi.

"Naweza kukupa hongera nusu," akamwambia Hasniar. "Nusu nyingine mkuu wa kitivo ataitia saini kesho."

"Profesa, kuna jambo."

"Lisiwe la mshahara, sina uwezo."

"Nimekosea. Kwenye sura ya majina."

Akamweleza yote. Hakujitetea. Alimfungulia hata picha kwenye simu, akamwonyesha zile alama. Rafferty aliweka kijiko chini. Mimi nilisimama na upawa mkononi, supu ikidondoka sakafuni.

"Anasema nini?" Daeng Sikki akaniuliza.

"Anajichoma moto," nikamjibu.

Rafferty si mtu mbaya, hilo nalisema. "Sikiliza," akasema. "Kitabu kitoke kama kilivyo. Uajiriwe. Mwaka ujao uandike makala, ujisahihishe mwenyewe. Watu watakusifu. Nusu ya kazi yetu ni kusahihisha nusu nyingine."

"Watu watakaokinunua mwaka huu je?"

"Wanunuzi wa vitabu vyetu, Daktari, wanaenea kwenye lifti."

"Ningekuwa sijui, sawa. Lakini najua."

"Kitabu kikisimamishwa, siwezi kuitetea kazi hii mbele ya kamati. Unaelewa? Yupo bwana wa Perth, mwombaji mwenzako, wa vyungu vya China. Kitabu chake kimeshatoka."

"Naelewa."

Akanigeukia mimi. Nadhani alitaka msaada. "Mama, wewe unasemaje?"

Wote wakanitazama. Hasniar pia, na uso wake ulikuwa ule wa utotoni, alipokuwa akinisubiri nimwambie kama kidonda kitauma.

"Mimi nataka akubali," nikasema. "Nataka kukaa hapa. Nimechoka na masanduku." Nikaona mabega yake yanashuka. "Lakini, Profesa, usiniulize mimi. Ukiniuliza mimi, nitakujibu kama mtu mwenye miguu inayouma. Muulize mwenye kitabu."

Hakumwuliza tena. Hasniar akasema, taratibu, "Kesho asubuhi nitampigia mchapaji." Rafferty akaitikia kwa kichwa, kama daktari wa hospitali. Kisha, sijui ni kwa adabu au kwa sababu supu ilikuwa tamu kweli, akamalizia bakuli lake.

Kabla ya kuondoka alimwomba Daeng Sikki amfundishe yale maneno. Daeng Sikki akayasema, Rafferty akayarudia, ulimi wake ukayavunja katikati.

"Huyo," Daeng Sikki akaniambia Hasniar alipokuwa akimsindikiza mgeni hadi kwenye gari, "atavimba tu."

Yule bwana wa Perth alipewa kazi kabla mvua haijaanza. Hasniar walimpa mwaka mmoja, kufundisha madarasa ambayo yeye hayataki, kusahihisha mitihani, na wakati huohuo kukiandika kitabu upya. Ule mkataba wa Ujerumani aliukataa. Alisema hawezi kuandika sura ile mahali ambapo hapana mtu wa kumsikia akikosea. Baba yake mkubwa alirudi Makassar, na siku hizi anapigiwa simu, anasomewa sentensi, anapiga kelele.

Siku barua ya ule mwaka mmoja ilipofika nilikuwa uani nafua mashuka. Alikuja na viatu vya kazini, akasimama kwenye matope ya beseni langu.

"Mwaka mmoja, Mama."

"Nimesikia."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Sana?"

"Usiniulize tena, nina ndoo mkononi."

Akavua viatu. Akashika upande mmoja wa shuka bila kuambiwa, mimi nikashika wa pili, tukaanza kukamua. Lakini yeye alizungusha kulia na mimi nikazungusha kushoto, na shuka likawa linazunguka tu katikati yetu kama mshikaki, halitoi hata tone.

"Badili wewe," nikamwambia.

"Badili wewe, Mama, wewe ndiye uliyekosea."

"Nani amekosea? Mdogo ndiye anayebadili."

Tukatazamana. Halafu tukabadili wote wawili kwa pamoja, na maji yakabaki mlemle ndani.